Taa za Mababu na Kopo la Yu-chiao

Aliyezima taa za mababu ni Jung-fa, lakini aliyebebeshwa lawama ni Yu-chiao, mke wa kaka yake, mbele ya ukoo mzima, siku Mama mkwe alipotimiza miaka themanini.

Yu-chiao hajui kusoma. Miaka ishirini na mbili amekuwa akibomoa mashine chakavu kwenye yadi moja pale Yanshui, na waya anaujua kwa vidole. Mama alipoanguka gizani akienda msalani, ni yeye aliyeokota deki mbovu, akang'oa jicho lake linalopokea rimoti, akaliunganisha na swichi ya oveni iliyokufa, akafunga vyote ndani ya kopo la biskuti lenye soketi pembeni, ukutani sebuleni. Kitufe cha kucheza kwenye rimoti ya deki kikawa cha kuwasha taa za nyumba. Cha kusimamisha kikawa cha kuzima.

"Mwanangu," Mama alisema, akiwasha na kuzima kama mtoto, "nimezaa wanaume watatu, aliyenipa macho ni wewe."

Siku ya sherehe Jung-fa akaja na karaoke yake: spika, maikrofoni, na deki ya mtumba, pacha wa ile iliyobomolewa, hadi rimoti. Soketi iliyo wazi hakuna. Akachomoa taa mbili nyekundu za madhabahu ya mababu ili apate pa kuchomeka spika, ambazo hazijazimwa tangu Baba afe, akazichomeka kwenye kopo la Yu-chiao. Akaimba. Wimbo ulipomshinda, akabonyeza kusimamisha kwenye rimoti yake. Taa zote zikazimika, na zile nyekundu pia.

"Nani kazima taa za Baba?" Mama akapiga kelele.

"Si takataka ya shemeji!" Jung-fa akajibu, maikrofoni bado mdomoni, hata majirani wakasikia. "Fundi wetu wa jalalani kawapofusha mababu!"

Watu wakacheka. Yu-chiao akatoka jikoni na bakuli la tambi na miguu ya nguruwe, chakula cha kumtakia Mama maisha marefu. Mama akamtupia rimoti, ikampiga begani.

"Usiguse madhabahu. Na chakula changu usikiguse."

Asubuhi yake Yu-chiao akafuata waya kwa kidole, akaikuta plagi. Jung-fa alikuwa akipakia spika garini.

"Nani kachomeka hii hapa?"

Akaitazama, akacheka puani. "Aa, shemeji, yamepita hayo. Utampandisha Mama presha kwa ajili ya plagi?"

"Basi mwambie wewe."

"Nitamwambia. Mwaka mpya."

Mumewe Yu-chiao alisikia yote, akainama kufunga viatu.

Yu-chiao akaenda mwenyewe. Mama akageukia ukuta. "Sasa unamsingizia mwanangu aliyeniimbia?"

Mwaka mpya umepita mara mbili. Kopo bado liko ukutani, na betri za rimoti Yu-chiao huzibadilisha, ingawa Mama haigusi. Huenda msalani akipapasa ukuta, na mwezi uliopita alijigonga goti.

Jung-fa anadaiwa maneno matatu: mimi ndiye niliyechomoa. Ayaseme mbele ya Mama na mbele ya madhabahu, kwa maikrofoni ileile, majirani wasikie.