Kiatu cha Doto

Benedicta ana mgahawa stendi ya Igawa, na mdomo wa kuulinda. Dereva akila wali na kujifanya kasahau kulipa, stendi nzima italijua jina lake kabla hajawasha gari. Alihamia hapa kutoka Iringa na mumewe. Mume akafariki, watoto wakatawanyika, nyumba ikabaki kimya. Kanisani hukaa benchi la mbele, na hupenda wanaokaa benchi la mbele waonekane.

Kwa hiyo Mwalimu Liberatus alipoanza kufundisha watoto balei kwenye ukumbi wa parokia, hiyo densi ya kusimamia ncha za vidole ambayo wengi wetu tuliicheka, na akatangaza kwamba kila mtoto anatafutiwa mfadhili wake, Benedicta alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akamchagua Kulwa, binti wa mama mmoja, Mbuke, wa wale wafugaji wa Kisukuma wanaokaa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Alimchagua kwa sababu alitabasamu. Doto, pacha wake, alikuwa kando yake akitabasamu vilevile, ila alikuwa anatazama upande mwingine.

"Mama, ungewachukua wote wawili," Mwalimu alimwambia. "Wangekuja kwa kupokezana."

"Hiyo nusunusu nitamwonyesha nani? Nipe wangu mmoja nimwone jukwaani. Doto atapata mtu."

Doto hakupata mtu.

Viatu vilipofika kutoka Mbeya, laini, vya kitambaa cha waridi, Benedicta alivipeleka mwenyewe. Mbuke alipiga goti, akavipokea kwa mikono miwili, akavitazama kwa muda.

"Na vya Doto, mama?"

"Vya Doto bado."

"Sisi kwetu pacha hapewi peke yake, mama. Ukimpa Kulwa, na Doto unampa, hata kama ni kidogo."

"Kwani mfadhili ni mimi au ni wewe?"

Mbuke akapiga goti tena, akashukuru. Shukrani ile ilimfuata Benedicta njia nzima. Aliona aibu, na kwa kuwa hajazoea kuona aibu, akawafokea wasichana wa jikoni hadi jioni. Zaidi ya mara moja alishika simu ampigie Mwalimu, amwambie amwingize na Doto. Kila mara aliirudisha mfukoni. Siku ya onyesho wafadhili wangetajwa kwenye kipaza sauti, kila mmoja na mtoto wake, na gauni alikuwa ameshashona.

Onyesho lilifanyika Jumapili baada ya misa.

"Kulwa, anayefadhiliwa na Mama Benedicta!" Mwalimu alitangaza.

Watu walipiga makofi. Benedicta akainuka kidogo, akapunga mkono. Kisha Kulwa akatoka, mguu wa kulia una kiatu, wa kushoto uko peku. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoto akacheza hivyohivyo, mguu mmoja ukiteleza vizuri, mwingine ukinata sakafuni, macho yake yakitafuta mtu kule nyuma.

Benedicta naye akageuka. Doto alikuwa mlangoni ubavuni mwa mama yake, kiatu cha kushoto mguuni, akinyoosha vidole kufuata muziki. Mbuke alikuwa amegawa alichopewa.

Benedicta alielewa. Wale waliokuwa wanacheka walimcheka Kulwa, na aliyestahili kuchekwa alikuwa amekaa benchi la mbele na gauni jipya. Hakungoja muziki uishe. Alijipenyeza katikati ya mabenchi, gauni likinasa kwenye misumari, akaenda moja kwa moja kwa Doto. Alitaka kumwomba radhi, ingawa hakujua mtoto anaombwaje radhi.

Doto alipomwona anakuja, akainama haraka, akakivua kile kiatu. Akakifuta vumbi kwa kiganja, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Sijakichafua."