Kurasa za Jumamosi

Kila Jumamosi mwalimu mwenzangu huenda Tunduma kufuata mtandao. Chai yake hupoa akibofya kiendelezi cha kivinjari kinachohifadhi kurasa nzima, apate kuzifungua huku Mbangala kusikokuwa na mtandao. Ukurasa ukikamilika, huipigapiga kompyuta kidogo, kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa. Nyangumi, figo, volkano: huleta chochote walichoagiza wanafunzi.

Mwezi uliopita Bibi Tabita, jirani yetu, alimwomba amletee mwanawe, aliyepotelea Ndola, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita. Mimi ningemwambia haiwezekani. Yeye alirudi na ukurasa wa soko la Ndola, wenye picha moja iliyojaa watu. Akawa anaikuza taratibu, sura baada ya sura.

“Siye huyo,” bibi akasema. “Endelea, mwalimu.”