Mguu wa Binti kwenye Karatasi

Juzi, katika ofisi ya wakala wa mizigo hapa Xiaobei, mtaa wa Uchina tunakofuata bidhaa, niliwakuta wafanyabiashara wawili wakimgombania mtoto aliyeko Dar es Salaam. Walikuwa mume na mke, wakaachana. Binti yao hukaa kwa mama wakati wa shule, likizo kwa baba. Kila mmoja alitaka mtoto aandikwe kwenye mzigo wake, ili vitu vya mtoto visamehewe ushuru.

"Mtoto ni mmoja, hasamehewi mara mbili," alisema wakala. "Anaishi kwa nani?"

"Kwangu," walijibu pamoja.

Wakala akashusha pumzi. "Haya, nitajieni vitu vyake. Viatu saizi gani?"

Sisi wa safari hizi hatukariri saizi. Kabla ya kuondoka, mtoto hukanyaga karatasi, tukauzungushia mguu kalamu. Baba alitoa yake kwenye pochi, imechakaa kwa mikunjo. Mama akatoa yake, akailaza kando ya ile ya baba. Mguu wa karatasi ya baba ulikuwa mfupi kwa urefu wa vidole vyote.

"Huo wa likizo ipi, baba yake?" mama aliuliza taratibu.

Likizo zote za karibuni mwanamume huyu alikuwa huku, akinunua.

"Mwandike kwa mama yake," alimwambia wakala. Kisha akaomba kalamu, akaunakili ule mguu mkubwa, polepole, kama anayeogopa kumtekenya mwenye mguu.

Nilidhani ule mdogo atautupa. Aliukunja akaurudisha kwenye pochi. Forodhani hawana fomu ya mzigo wa namna hiyo.