Tumefika Fasi Gani?

Kama wewe ni wa kuwacheka watu wanaosimulia mambo ya namna hii, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hili sikuambiwa na mtu. Lilinikuta mimi, kwenye gari langu mwenyewe, mke wangu akiwa ndani.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, naishi kijiji cha Misiera, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mke wangu, Mama Neema, ni mpishi. Ugali wake wa muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, watu huufuata kutoka vijiji vya mbali. Alikuwa na hamu moja tu maishani: jiko la kutembea, leo apike hapa, kesho kwenye gulio jingine. Basi tukasikia kwamba huko Bwizibwera, uani kwa mchuuzi mmoja wa maziwa, kuna nyumba ndogo ya magurudumu, zile ambazo Wazungu hufunga nyuma ya gari wakaenda kulala porini. Ina meza, ina kidirisha, ina hadi kabati la sahani. Tukauza mbuzi wote, tukauza mahindi yakiwa bado shambani, tukainunua. Gari la kuivuta hatuna! Jirani yetu Mrundi alitucheka sana, akasema tumenunua mkia kabla ya ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe nilimpata Mbarara. Sisi Wakongo kila gari refu la kupanda milima tunaliita jipu, na hili lilikuwa jipu kweli, jeupe, limezeeka, lakini injini yake inanguruma vizuri. Nyuma lilikuwa na benchi refu upande mmoja. Benchi la upande wa pili lilikuwa limeng'olewa, yamebaki matundu ya nati sakafuni. Mwenye gari hakubishana bei hata kidogo. Je, hapo si ningejiuliza? Lakini mtu mwenye hamu hana macho.

Nililipeleka kwa fundi Tumwine, Mnyankore mwenye maneno mengi, ambaye kila mwanamume kwake ni "ssebo", yaani bwana. Akabadilisha breki, akaweka rejeta kubwa zaidi, akachomelea ndoano nene ya kuvutia, akavuta waya za taa za nyuma, akaniwekea vioo virefu vya pembeni. Springi nazo akaziongeza. Alipomaliza alisimama akaliangalia gari huku anakuna kichwa.

"Ssebo, mimi naongeza springi, lakini hii gari bado nalala nyuma. Kama iko na mzigo. Na mzigo hakuna."

"Ni ubaya?" nikamuuliza.

"Hapana. Nguvu iko. Inaweza vuta nyumba na watu yake."

Tukaenda Bwizibwera, tukaifunga nyumba yetu nyuma ya jipu, tukaanza safari ya kurudi. Kiti cha mbele nilikuwa nimekifungia jiko jipya la gesi, kwa hiyo Mama Neema akajilaza nyuma kwenye benchi, kajifunika kitenge. Mbarara tuliipita jioni, mvua inaanza. Niamini, sijawahi kuogopa barabara kama siku ile. Ukivuta kitu kizito namna hiyo, kinakusukuma kwenye mteremko na kukuvuta kwenye mlima, na ukikata kona kwa pupa kinataka kukupita. Mali yetu yote ilikuwa nyuma yangu inayumba. Mikono ilikuwa imeganda kwenye usukani, sikuthubutu hata kugeuza shingo.

Tukiwa juu ya daraja la mto Rwizi nikasikia sauti kutoka nyuma.

"Papa, tumefika fasi gani?"

"Tuko juu ya Rwizi," nikajibu. "Tunavuka sasa."

Sauti ilikuwa imekwaruza kidogo. Nikadhani ni baridi. Tulipofika Kabingo ikauliza tena vile vile, nami nikajibu: "Tuko Kabingo, tunaacha lami, tunashika njia ya kambi." Kwenye kinamasi ikauliza tena. Nikasema tunavuka maji, tusiogope. Nilifurahi hata, kwamba mke wangu hajalala, ananisindikiza kwa maneno.

Tukafika nyumbani gizani, matope mpaka kwenye tairi. Nikazima injini.

"Papa, tumefika?"

"Tumefika nyumbani, mama. Shuka, tuko kwetu."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nikahisi gari linainuka chini ya makalio yangu, kama mashua anapotoka mtu mnene. Nami nikashuka, nikazunguka na tochi ili nimsaidie mke wangu kwenye matope. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye matope hapakuwa na alama ya mguu. Na Mama Neema alikuwa bado kwenye benchi, kitenge usoni, anakoroma!

Nikamtikisa. Akafumbua macho.

"Papa Neema," akasema, "tumefika fasi gani?"

Nikamuuliza kama ameongea njiani. Akasema, "Mie nililala tangu Mbarara. Sikuuliza kitu." Ndipo nikakumbuka kwamba miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniita Papa hivi hivi. Ni Papa Neema, siku zote.

Asubuhi gari lilikuwa limesimama sawa, mgongo juu, kama springi mpya zinavyotakiwa. Nikampigia Tumwine simu. Akaulizia kwa yule aliyeniuzia gari, akanirudia anacheka.

"Kumbe ilikuwa nabeba maiti, ssebo. Mtu ya kambi akikufa mjini, hiyo gari narudisha yeye. Wewe hukujua?"

Yeye alicheka. Mimi nilikaa chini palepale kwenye matope. Maana katika ukoo wetu, maiti ikisafirishwa, lazima mtu wake akae karibu nayo, aiambie njia. Mama, tunavuka mto. Mama, tunaingia kijijini. Asipoambiwa, mwili unafika na mwenyewe anabaki njiani. Mama huyu, sijui ni nani, alibebwa na dereva asiyejua lugha yake wala desturi yake. Mwili ukashushwa, yeye akabaki amekaa palepale, anauliza, hajibiwi. Mpaka nilipotokea mimi, nikamtajia mto, nikamtajia kinamasi, nikamfikisha kwangu na kumwambia kwa kinywa changu: shuka, tuko kwetu.

Mchungaji amekuja na vijana wake, wameomba mpaka sauti zimekauka. Jirani Mrundi ametundika rozari mlangoni. Wateja wanakula vizuri, biashara inakwenda. Lakini mvua ikianza jioni, sahani zinasogezwa ndani ya ile nyumba ya magurudumu, na hakuna mtu. Kila Jumapili nafungua mlango wa nyuma wa jipu na kusema, "Panda, mama, nikupeleke kwako." Nazunguka vijiji vya kambi, navitaja kimoja kimoja kwa sauti, watu wananiona nimepata kichaa. Mgongo wa gari unabaki juu. Hapandi. Kwa nini apande, wakati nilimwambia amefika?

Wewe unayetafuta gari kuukuu, angalia injini, angalia springi, lakini uliza pia lilikuwa linabeba nani. Na sauti ikikuuliza kutoka nyuma mmefika wapi, simamisha gari, geuka, umwone anayeuliza kabla hujafungua mdomo. Mimi nimechelewa. Juzi tulikuwa tunatoka gulioni, Mama Neema amekaa nyuma na masufuria yake. Akaniuliza, "Tumefika fasi gani?" Hakutanguliza Papa wala Papa Neema. Niliogopa kugeuka, nikanyamaza. Akauliza tena, nikanyamaza. Nikamsikia anaanza kulia taratibu, kama mtu aliyeachwa njiani, na mpaka leo sijui nani alikuwa analia.