Kabari Mbili za Magwagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, Fomani aliniamuru, "Tayarisha kabari mbili." Mimi kijana wa Nyaramba, Kiswahili changu cha darasani, nikasikia kaburi mbili. Nilichanganyikiwa kabisa. Moja yangu, nyingine ya nani?

Tulikuwa Magwagwa, tumekuja kuangusha mkaratusi mkubwa uliosimama karibu na jiko la mama mmoja mjane. Fomani alikuwa Mwislamu wa Kisii mjini, Kiswahili alikinyonya kwa mamake. Nikamwambia, "Fomani, kwetu hatuchimbi kaburi ya mtu bado anapumua."

"Kaburi gani tena? Kabari, bwana!" Akatoa vipande viwili vya mti mgumu, vimechongwa vyembamba upande mmoja. "Ukikosa hizi, ndipo utachimbiwa hiyo yako."

Kazi yenyewe ilinichanganya zaidi. Kwanza tulifyeka njia za kukimbilia, nyuma kwa upande. Kisha Fomani akawasha pawasoo, ule msumeno wa injini, akakata mdomo, yaani pengo, upande wa shamba, tulikotaka mti uangukie. Akahamia nyuma, akakata juu kidogo ya mdomo, ila hakuufikia. Katikati aliacha mti usiokatwa, akauita bawaba. Mlango wa kwetu ulifungwa kwa kamba. Bawaba ningeijulia wapi?

"Hiyo ndiyo inayouongoza," alisema. "Ukiikata, mti utakwenda unakotaka wenyewe."

Alikuwa amechomeka kabari moja nyuma ya msumeno upepo ulipogeuka. Mti ukaegemea upande wa jiko, na kabari ile peke yake ikauzuia.

"Jiko yangu!" mama akapiga mayowe kutoka kwa jirani, tulikomhamishia.

"Ya pili! Gonga!" Fomani akaniamuru.

Niliichomeka, nikagonga hii, nikagonga ile. Mti ukainuka polepole, ukasita, ukaenda shambani. Jiko lilibaki na moshi wake.

Nimestaafu sasa, na nyinyi vijana mnaniambia kabari ni kupoteza wakati. Haraka haraka haina baraka. Fomani aliangusha miti hadi Suneka, akafa mzee, kitandani kwake, vidole vyote kumi vipo.

Siku ya maziko yake nilishika jembe. Vijana wa kuchimba wakaniuliza tuanzie wapi.

"Chimbeni kabari hapa," nikasema.

Mwanawe alinitazama, akanishika bega. Hakunisahihisha.