Haluli Ndani ya Maji ya Mtihani

Kwetu, upande wa Zombe, haluli tuliijua kabla hatujaisoma. Ng'ombe akivimbiwa, hukorogewa chumvi ile chungu akanyweshwa kwa chupa, na mtu aliyefunga choo hasalimiki pia. Kwa hiyo siku mwalimu wetu wa kemia alipoinua chupa ya fuwele nyeupe akasema hiyo ni magnesiamu salfeti, yaani haluli ile ile ya nyumbani, darasa zima la wasichana liliangua kicheko. Alisubiri tumalize.

"Sasa aliyecheka sana aje atuonyeshe ataishikaje," akasema.

Aliyecheka sana ni mimi. Nilichovya kidole chupani na kukipeleka ulimini, na mkono wangu ulidakwa hewani.

"Maabara hakuna kitu kinachoonjwa," alisema. "Hata sukari. Hii ni mpole, lakini chupa ya jirani yake si mpole, na zote mbili ni nyeupe."

Jirani yenyewe ilikuwa chumvi ya bariamu, ambayo ni sumu. Tangu siku hiyo nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alitufundisha kuchota kwa kijiko kikavu, kufunika chupa papo hapo, na kupasha moto polepole huku mdomo wa neli ya kioo ukielekea ukutani, kwa sababu fuwele zile zina maji ndani yake na yakichemka hurusha. Kazi ndogo namna ile, na aliifanya kwa makini utadhani amebeba mtoto mchanga.

Mimi ni mbishi, na nikamuuliza inatusaidia nini hapa shuleni ambapo hatuna ng'ombe. Kipindi kilichofuata alikausha fuwele mpaka zikawa unga, akazima moto, akaacha upoe, akafungua madirisha. Ndipo akaleta mafuta ya taa yaliyoingia maji, yamefanya ukungu. Alitia unga kidogo na kutikisa, ukashikana madonge. Akaongeza, ukashikana tena. Alipoongeza mara nyingine unga ukabaki mwepesi, ukielea ovyo, na mafuta yakawa maangavu.

"Ukiacha kushikana, maji yamekwisha," alisema. "Huko vyuo vikuu ndivyo wanavyokausha vimiminika vyao."

Sisi tunaofuata maji kwa punda tulikuwa tumeona unga unaoyasaka maji mpaka ndani ya mafuta ya taa. Niliamua pale pale kwamba nitasoma kemia, na sijajuta.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Shule kadhaa za Kitui na Makueni zilifanya karatasi moja na kubadilishana walimu wa kusahihisha, ili asiwepo wa kupendelea watoto wake. Katika kemia tulipewa chumvi ya kuchunguza. Tuliiyeyusha, tukaigawa, tukadondosha bariamu, na mashapo meupe yakatokea. Tukatia asidi, hayakuyeyuka. Tukaandika bila wasiwasi: salfeti ipo.

Haikuwepo. Wasahihishaji wawili walifunga safari kutoka upande wa Emali, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, nyuso zimekunjamana. Walituita maabara, wakasema mbele ya mwalimu mkuu kwamba darasa karibu zima haliwezi kukosea kosa lile lile isipokuwa limepewa jibu, na mwenye kulitoa hawezi kuwa mwingine ila mwalimu. Sisi tungepata sifuri. Yeye angeondolewa kwenye maabara, na mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Nilitaka kupiga kelele. Nilimtazama yeye nikidhani atapiga kelele kwa niaba yangu.

Alivaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote.

"Kama wote wamekosea sawasawa," alisema, "basi kuna kitu kimoja wote wamekigusa. Chumvi niliipima mwenyewe asubuhi ile, ikatoa jibu sahihi. Tuanze na maji."

Maji ya maabara yetu yalikuwa ya mvuke, yaliyochemshwa na kukusanywa upya ili yasibaki na kitu. Yalikaa kwenye mtungi wa plastiki karibu na mlango. Alimimina kidogo kwenye neli safi, bila kutia chumvi yoyote, akadondosha bariamu. Mashapo meupe. Akatia asidi. Yalikaa pale pale. Kwenye neli nyingine akatia magadi makali, na hapo pia pakatokea wingu jeupe, ambalo halikupotea hata alipoyaongeza.

"Salfeti, na sasa magnesiamu: haluli," alisema. "Haya si maji ya mvuke. Haya ni ya kisima chetu. Ndiyo maana wageni wa shule hii huulizia choo mapema."

Yule mwanamume wa Emali aliitazama chai aliyoingia nayo kutoka ofisini, akaiweka mezani taratibu. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mimi nusura nipasuke.

"Nani alijaza mtungi?" mwalimu mkuu aliuliza.

Msichana wa zamu alisimama. "Ni mimi, Madam. Nilipata mtungi umebaki tupu hapo mlangoni. Nikaona si vizuri kuuacha hivyo, na kisima kilikuwa na maji siku hiyo."

Nani kwetu angeupita? Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mtungi mtupu ukiuona na maji yapo, unaujaza, uwe wako au wa jirani.

"Keti," mwalimu alimwambia. "Ulifanya kama ulivyolelewa. Nilimaliza maji ya mvuke nikipima chumvi; niliporudi nikaukuta umejaa, nikadhani mtunza stoo ameleta mengine, nisiyapime. Kosa ni langu." Akawageukia wageni. "Lakini hawa waliandika walichokiona. Hawakunakiliana, na sikuwapa chochote."

Nilisikia machozi yakinilenga. Mwanamke wa Emali aliomba radhi waziwazi, akasema alama za walichokiona zitarudishwa. Kisha, pengine kutufariji, akachomoa karatasi moja kutoka kwenye rundo, akamkabidhi mwalimu wetu.

"Na Madam, hamkuanguka wote. Kuna huyu mmoja aliyepata. Ameandika hakuna mashapo, salfeti haipo. Tulimpa zote."

Tulianza kumpigia makofi. Ni msichana wa meza ya mbele, aliyetuzidi wote akili, na binamu yake alisoma katika shule iliyofanya karatasi ile asubuhi, saa kadhaa kabla yetu. Mwalimu hakupiga makofi. Aliisoma karatasi hadi mwisho, akaitazama neli iliyokuwa bado mkononi mwake, nyeupe kama maziwa. Makofi yakafa moja moja.

Alimwendea yule msichana, akainama karibu naye, na kwa mara ya kwanza ndani ya maabara nikamsikia akiongea Kikamba.

"Mwiitu wakwa," alimwita, binti yangu, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili asikike na wote. "Maji yalikuwa haya haya. Wewe uliona nini?"

Msichana aliitazama neli ile. "Mashapo meupe," alisema, "lakini binamu yangu alikuwa ameshaniambia jibu."