Tulivyomwomba DJ mtafsiri wa Lizaboni anyamaze ili tusikie muziki wa muvi

Wakuu, heshima zenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Naandika hiki nikiwa bado na moto wa jana, kwa hiyo mtanivumilia nikikimbia. Chumvi sitaongeza. Banda la kuoneshea muvi lilijaa, mashahidi wapo mtaa mzima wa Lizaboni, na wawili kati yao ni members humu ndani. Nikidanganya watanisuta kabla hamjafika aya ya tatu.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, naishi hapa Songea mjini. Lakini ugonjwa wangu wa kwanza si vitabu. Ni muziki wa muvi.

Sisemei nyimbo za kuimbwa. Nasemea ule unaopita chini ya picha, usio na maneno, ule ambao mtu akishika kitasa cha mlango unakuambia mapema kwamba ndani hakuna heri.

Tuko watatu wenye ugonjwa huu: mimi, Haule na Zuhura.

Haule anapiga kinanda kanisani, alijifunza tangu mdogo akikulia Peramiho. Akisikia soundtrack anaichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Zuhura ni mtu wa Nakapanya, kwao wakulima wa korosho, hapa mjini ana duka la vitenge Majengo. Hajui noti hata moja na hataki kujua. Yeye anasikia watu.

Kila Jumapili, Haule akishatoka misani, tunakutana chumba cha nyuma cha duka la Zuhura. Utaratibu wetu ni mmoja tu: runinga inageuzwa, kioo kinatazama ukuta. Muvi inacheza, hatuoni kitu, tunasikiliza. Kisha kila mtu anasema alichokiona.

Wakuu, jaribuni siku moja. Utashangaa vitu ambavyo sikio linaona.

"Hapa kuna mwanamke anapanga nguo kwenye sanduku," Zuhura atasema, huku anamenya korosho. "Hajaamua kuondoka, lakini anapanga."

"Hiyo ni kinanda na filimbi tu, dada," Haule atamjibu.

"Ndiyo. Kinanda ndiyo nguo, filimbi ndiyo sanduku. Wewe kule kanisani huwa unapiga nini hasa?"

Na tukigeuza runinga kuhakikisha, mara nyingi Zuhura amepata. Mara nyingine amepotea kabisa, ni watu wanakimbizana na magari, na hapo Haule anacheka mpaka anatoka nje.

Kuna mtunzi mmoja Zuhura hampendi, anaweka violin kila mahali. Anasema huyo ni kama bibi harusi aliyepakwa poda mpaka masikioni. Mimi namtetea. Tumeshagombana juu ya huyo mtunzi mpaka tukanyimana chai.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Wiki iliyopita Zuhura alileta flashi yenye muvi moja ya zamani. Watu wa Songea waliokulia vibanda umiza wataijua kwa jina tulilolipa wenyewe: Mzee Koti. Jina lake halisi sidhani kama kuna aliyewahi kulisoma. Ni ya mzee anayerudi kutoka vitani na koti lake refu, anatembea nchi nzima kwenye theluji kwenda kwake.

Sote tuliiona utotoni, na sote tuliiona kwa mdomo wa DJ Ligombo.

Kwa wasiojua vibanda: DJ ni mtafsiri. Anakaa pembeni na maiki, muvi inacheza, yeye anawasemea wote. Shujaa, adui, mke wa adui, hata farasi. Ligombo alikuwa mfalme wa kazi hiyo. Alianzia Lusewa, akaja mjini, banda lake la Lizaboni watu walikuwa wanaingilia dirishani.

Katika Mzee Koti kuna sehemu kila mtoto wa hapa anaijua kwa moyo. Mzee anafika kwake. Anasimama uani, anachungulia dirishani, anaona watu asiowajua wako mezani wanakula. Anasimama pale muda mrefu. Na Ligombo anamsemea:

"Humu ndani wanapika wali nyama, na mimi tumbo halijaona kitu tangu Makambako."

Banda lilikuwa linapasuka. Mpaka leo ukimkuta mtu wa rika langu ana njaa atakuambia hajala tangu Makambako.

Basi flashi ya Zuhura ilikuwa na original, isiyo na DJ. Tukageuza runinga ukutani kama kawaida yetu. Ilipofika sehemu ile, nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu.

Ikaanza cello. Ile violin kubwa inayoshikwa kati ya magoti.

Peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Inapanda ngazi mbili, inashuka moja, kama mtu anayesogelea mlango na kurudi nyuma. Ikaendelea hivyo, wakuu, muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na mwishoni haikufika popote. Ilikata tu, kama mtu aliyegeuka akaenda zake.

Korosho zilibaki mkononi mwa Zuhura.

Haule ndiye aliyeanza, kwa hasira kabisa. "Muziki huu umekuwepo miaka yote hii, na sisi tukapewa wali nyama."

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Ligombo alikuwa ametangaza kwamba Jumapili inayofuata anaionesha tena Mzee Koti, kwa maiki, moja kwa moja, kama zamani. Tukasema twende tukamwombe. Aseme yote, ila hapo uani anyamaze.

Kaka Ligombo tulimkuta bandani anapanga mabenchi. Ni mtu wa makamo sasa, sauti bado ile ile, nzito kama trekta linalopanda mlima. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Wadogo zangu, mimi watu wananilipa nisinyamaze."

Akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kule Lusewa walikuwa wanatumia jenereta. Akinyamaza kidogo tu, watu wote wanageuka nyuma kuangalia kama jenereta limezima. Akanyamaza zaidi, wanaanza kutoka. Kwa hiyo alijifundisha kujaza kila nafasi. Mahali ambapo hakuna anayeongea, ndipo yeye alipoweka utani wake mzuri kuliko wote.

Na kuna jambo la pili, hili ndilo lililomwelemea. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa banda jipya. Lina spika kubwa na kijana mtafsiri ambaye mdomo wake unakwenda kama cherehani, havuti hata pumzi. Wateja wa Ligombo walikuwa wanavuka mmoja mmoja.

"Hiyo Mzee Koti ndiyo silaha yangu ya mwisho," alisema. "Watu wanaujia ule wali. Nikiwanyima, wanavuka barabara na hawarudi. Halafu nyie mtakuja kuninunulia unga?"

Zuhura ndiye aliyemjibu, kwa upole, "Kaka, njoo usikilize mara moja. Usipopenda, hatutakusumbua tena."

Akaja. Kwa ajili ya chai, alivyosema mwenyewe.

Tukageuza runinga ukutani. Ligombo akatucheka, akasema hajawahi kuona watu wanaadhibu runinga. Cello ikaanza. Akacheka tena kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Ilipokata, aliuliza, "Hapa ndipo pangu?"

"Ndipo hapo," Haule alimjibu. Hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Rudisha."

Tukarudisha. Safari hii aliinamisha kichwa, mikono kati ya magoti.

"Mimi nikiwa na maiki naipunguza sauti ya muvi mpaka chini kabisa, ili nisikike," alisema. "Muvi hii nimeitafsiri mpaka naota nayo. Sijawahi kuisikia."

Zuhura akamuuliza swali letu la kila Jumapili. "Sasa unaona nini, kaka?"

"Naona mtu amefika kwake, na si kwake tena."

Akanyanyuka, akaacha chai nusu. Mlangoni akasema Jumapili twende, lakini hakuahidi kitu.

Wakuu, Jumapili yenyewe ndiyo jana.

Saa tisa alasiri banda limejaa. Baridi ya Songea mnaijua, watu na masweta yao, mahindi ya kuchoma yananukia kila kona. Tulikaa benchi la nyuma. Mlangoni alikaa Mama Nchimbi, muuza karanga ambaye ameshaona kila muvi iliyowahi kupita Lizaboni.

Ligombo alikuwa moto. Nasema kweli, sijawahi kumsikia hivyo. Mlinzi wa daraja alimpa lafudhi ya Tunduru, Zuhura akacheka mpaka akanishika bega. Mwanamke mwenye mbuzi akamfanya agombane kama mama mkwe. Banda lilikuwa lake.

Lakini kadiri mzee alivyokaribia nyumbani ndivyo nilivyoacha kutazama picha, nikawa natazama watu. Maana benchi za mbele walishaanza kujiandaa. Walikuwa wananong'onezana, wanagusana viwiko. Walikuwa wanausubiri wali.

Mzee akafika uani. Akasimama dirishani.

Ligombo akanyoosha mkono, akaipandisha sauti ya muvi. Kisha akashusha maiki.

Cello ikaanza, na hakuna aliyeisikia, kwa sababu watu walianza kuangaliana.

"Wali nyama, Ligo," mmoja akamkumbusha.

"Maiki imekufa hiyo."

"Kalala huyo. Mleteeni godoro."

Kicheko. Mwingine akarusha gunzi mbele. Bodaboda mmoja mwenye helmeti mkononi akasimama, akasema kwa sauti, "Twendeni ng'ambo, kule hawalali." Wakamfuata wenzake. Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia juu ya picha, na nikaona Ligombo anawatazama wanavyotoka. Nikaona mkono wake unairudia maiki.

Wakuu, nilijua tumemharibia. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi.

Akaileta maiki mdomoni. Akasema taratibu, si kwa sauti ya kazi, kwa sauti yake ya nyumbani:

"Sijalala. Anayeongea sasa ni huyo mwenye violin. Huyo simtafsirii, mnamwelewa wenyewe."

Akaizima, akaiweka chini.

Sijui niwaelezeje. Watu wale wamezoea kwamba ndani ya banda kila anayeongea anasikilizwa, kwa sababu asiposikilizwa utaipoteza hadithi. Walipoambiwa kuna mtu anaongea, wakanyamaza wamsikie. Ni hivyo tu. Wakatega masikio kama kwa mhusika yeyote mwingine.

Na cello ilikuwa bado ina ya kusema. Ikapanda, ikasita, ikashuka. Mzee pale dirishani, theluji mabegani. Ndani, mtoto asiyemjua akanyanyua kijiko. Hapo sauti ikapanda mahali ambapo haikuwahi kupanda, ikatetemeka, na mimi niliyekwisha kuisikia mara kadhaa chumbani kwa Zuhura nikahisi kama naisikia mara ya kwanza, kwa sababu safari hii tulikuwa banda zima tunapumua pamoja.

Ikakata. Mzee akageuka akaenda.

Halafu Mama Nchimbi, pale mlangoni, akasema kama anajisemea mwenyewe:

"Kumbe hakula. Miaka yote najua aliingia akala. Maskini, kumbe hata hodi hakupiga."

Hakuna aliyemcheka. Yule bodaboda alikuwa bado amesimama kizingitini, helmeti kifuani, hajatoka wala hajaingia. Wenzake walishavuka. Yeye akasema, "DJ, rudisha hapo." Na benchi za mbele, wale wale wa wali nyama, wakamwambia afunge mlango kwanza.

Ligombo akarudisha.

Sitawadanganya kwamba wote walirudi. Waliovuka walivuka, na muvi ilipoisha mabenchi yalikuwa na mapengo. Wengine walitoka wananung'unika kwamba wamedhulumiwa utani wao. Tulipomfuata Ligombo alikuwa anakunja nyaya, na tukamwambia pole kwa wateja.

"Nyie watu mna balaa," alisema. "Nimepoteza nusu benchi." Akaendelea kukunja. "Kijana wa ng'ambo anaweza kuniiga kila kitu, ila huyo jamaa hataweza kukaa kimya, ngoja mtaona. Wali nyama nitautafutia sehemu nyingine. Pale dirishani sipagusi tena."

Tukiwa njiani kurudi tukagombana, kama kawaida yetu. Haule anasema sasa Ligombo atafsiri muvi zote upya, kila penye muziki anyamaze. Zuhura anakataa. Anasema bila mdomo wa Ligombo asingeipenda muvi yoyote maishani, na kwamba wali nyama bado unachekesha, mtake msitake.

Mimi nimebaki katikati yao.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wetu hawaukatai muziki mzito. Hawajawahi kuachiwa nafasi ya kuusikia, basi. Na anayeweza kuwaachia ni yule yule waliyezoea kumsikiliza, kwa sababu wanamwamini anapowaambia nani anaongea. Mimi na vitabu vyangu na Haule na kinanda chake tungesimama mbele ya lile banda tukahubiri soundtrack mpaka jua lizame, wangetupiga magunzi.

Sasa nyie wadau. Kila mmoja humu ana muvi aliyoijua kwa mdomo wa DJ. Tafuta original, geuza runinga ukutani, sikiliza ile sehemu uliyokuwa unaicheka, kisha uje utuambie umeona nini.

Na kama wewe ni wa upande wa wali nyama, usiogope, sema. Zuhura keshaanza kusoma huu uzi, anatafuta wa kumuunga mkono.